Maneno Matatu Kiganjani

Gatongora, Ruiru. Jumatano, tarehe 12 Machi 1997. Miaka minne na miezi mitano tangu nitoke shambani kwangu kule Bonde la Ufa.

Jua kali, vumbi, na mawingu yanayokusanyika kisha yanatawanyika bila kutoa tone. Tarehe nimeipata kwa kutazama gazeti la jana na kuongeza moja. Naanza na hilo kwa sababu leo nimedanganya vya kutosha.

Nimedanganya kwenye mtihani.

Mimi, niliyefundisha miaka thelathini na miwili, mingi kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu.

Mambo yalianza Januari. Nilitoka kwenda sokoni Ruiru kununua gazeti, nikaonekana alasiri mbali huko Kalimoni, nimeketi juu ya jiwe kando ya barabara. Aliyenirudisha kwa mkokoteni wake wa punda ni yule anayetuuzia makaa. Alimwambia binti yangu Wambui, "Mzee wenu alikuwa anamsomea punda wangu gazeti, mpaka punda akachoka." Tulicheka sote. Nikasema nilikuwa nanyoosha miguu. Ukweli ni kwamba sikujua nimefikaje pale, na nilisoma kwa sauti ili wapita njia wasidhani nimepotea.

Wambui hakusahau. Yeye ni fundi wa cherehani. Huona uzi uliolegea kabla haujakatika. Nakaa kwake tangu nyumba yangu ya shambani ichomwe kwenye ghasia za kikabila. Mama yake alikwisha kututangulia. Kila mwaka namwambia kwamba kule kumetulia, kwamba nitarudi nilime. Mwezi uliopita alinipa jibu: wapimaji wakisema kichwa changu ni kizima, atanisindikiza yeye mwenyewe, wakisema si kizima, nitakaa naye. Nikakubali upesi, kama mtu mwenye uhakika.

Leo basi tukaenda Thika, kwenye kliniki ambako muuguzi mmoja hupima kumbukumbu za wazee. Nilitarajia mashine. Nilikuta meza, karatasi chache na penseli. Wambui akaombwa angoje nje.

Muuguzi aliniuliza siku, tarehe, mwezi na mwaka. Nilijibu bila kusita. Nilikuwa nimevikariri garini. Tuko wilaya gani? Nikasema Kiambu. Akacheka, akasema wengi hujibu hivyo, wilaya ya Thika bado ni changa. Kisha akataja vitu vitatu, akanitaka nivirudie, na akanionya kwamba ataniuliza tena baadaye. Nikavirudia vizuri. Akainama kutafuta kitu kwenye droo.

Kalamu ya wino hukaa mfukoni mwa shati langu tangu ujana. Sikuamua. Mkono uliamua wenyewe: uliandika maneno yote matatu kwenye kiganja cha kushoto kwa herufi ndogo, kisha nikafunga ngumi.

Hapana. Niliamua. Mkono hauamui.

Akaniambia nitoe saba kutoka mia, nitoe saba tena, na tena. Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa. Nilipofika sitini na tano alisema inatosha. Mimi nikaendelea kushuka hadi mbili, kwa majivuno tu. Ndipo akauliza, "Na vile vitu vitatu, Mwalimu?"

Nikatafuta. Palikuwa peupe, kama ubao uliofutwa kwa kitambaa chenye maji. Nikalegeza vidole kidogo, nikatazama chini, nikasema: chungwa, daraja, blanketi.

Akaandika. Kisha akanipa karatasi tupu. Niichukue kwa mkono wa kulia, niikunje katikati kwa mikono miwili, niiweke sakafuni.

Mikono miwili.

Niliikunja. Kiganja kilikuwa wazi mbele yake, na jasho lilikuwa limeanza kuutawanya wino. Aliona. Najua aliona, kwa sababu nami nimeona viganja vingi. Kulikuwa na msichana wa darasa la saba aliyeandika majina ya mito mkononi. Nilimsimamisha kwenye paredi ya asubuhi, nikauinua mkono wake shule nzima iuone, nikaifuta karatasi yake ya mtihani. Muhula uliofuata hakurudi. Majina yake yote matatu nayakumbuka mpaka leo. Maneno ya leo ndiyo siyakumbuki. Hayo niliyasoma kwenye ngozi.

Muuguzi hakuuinua mkono wangu. Alisogeza kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: FUMBA MACHO. Nilipaswa kusoma na kutii. Nikafumba, nikakaa hivyo muda mrefu kuliko alivyohitaji.

"Mwalimu," alisema taratibu, "hapa hakuna kufaulu wala kuanguka. Nataka tu kujua nikusaidie wapi."

Akaniomba niandike sentensi yoyote, mradi iwe na maana. Nikaandika: Nitarudi shambani kwangu kabla ya mvua. Akanipa alama yangu. Sarufi yake haina kasoro.

Wambui alipoitwa ndani, muuguzi alimwambia kwamba hesabu nimefanya vizuri sana, na kwamba yale maneno matatu angependa kuyarudia Jumatano ijayo. Yaliyobaki aliniachia mimi. Ni afadhali angenifutia karatasi.

Njiani Wambui alikuwa na furaha ya mtu aliyejiandaa kwa msiba, akakuta hakuna aliyekufa. Tulipofika nyumbani hata chai hakunywa. Alitoa kitambaa kizito cha kijivu, sijui alikuwa amekiweka tangu lini, akaanza kunipima mabega. Kule ni baridi, alisema, siwezi kwenda na hili koti langu la Ruiru. Alikuwa na pini mdomoni na bado anaongea. Alipofika kwenye mkono wa kushoto, ngumi yangu ilikuwa bado imefungwa.

"Fungua, Baba, nipime mpaka kwenye kifundo."

Nikafungua.

Alisoma. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. Nikamwambia yote, mpaka jiwe la Kalimoni. Hakunikemea. Aliniuliza jambo moja tu: nikishuka kule kwenye kituo cha magari, njia ya shambani inakwendaje?

Nikaanza kwa haraka. Unapita duka la dawa za mifugo, unavuka mto, unapanda mpaka kwenye kinu cha mahindi. Hapo njia inagawanyika. Nimeitembea njia hiyo miaka ishirini na sita, mchana na kwenye ukungu, nikiwa na furaha na nikiwa na jeneza. Nilisimama pale kwenye kinu, ndani ya kichwa changu, Wambui akiningoja.

"Kushoto au kulia, Baba?"

Nilitazama kiganja.

Wambui alichukua mkasi, akaanza kulikata koti vilevile kama alivyokuwa amelipima. Alisema hata Ruiru kuna baridi mwezi wa saba.

Sasa ni jioni na kuku wa jirani wanaingia bandani. Nimeosha mkono kwa sabuni ya kufulia. Chungwa na blanketi vimetoka. Daraja bado linasomeka. Namwonea haya Wambui, namwonea haya yule muuguzi, lakini zaidi namwonea haya msichana wa mito, ambaye sasa ni mama mtu mzima mahali fulani, na ambaye siwezi tena kumfuata na kumwambia.

Jumatano kalamu yangu nitamwachia Wambui mlangoni. Nikiulizwa vile vitu vitatu nisivijue, nitasema sivijui. Nikiombwa sentensi, ninayo tayari, na naiandika hapa kwanza ili nisije nikaisahau: sitarudi shambani.