Usisubiri Ikauke

Kilombero, 6 Machi 2024

Mdogo wangu Letisia,

Marahaba. Hujambo na mwanao? Mimi mzima, ila kukata miwa kumenimaliza mgongo. Barua yako imeniumiza. Damu inakutoka nje ya siku zako, na mama mkwe amekutenga kwa mwiko: usichote maji kisimani, usipite shamba la mtu mpaka ikauke. Sasa zahanati si iko ng'ambo ya mashamba hayo?

Nimemuuliza nesi wetu, Mectilda. Anasema huenda ni kirusi cha mlango wa kizazi. Kila chembe ya mwili, yaani seli, ina protini za kuzuia uvimbe. Yeye anaziita walinzi. DNA ikiharibika, zinaizuia isinakiliwe. Kirusi hakina vifaa vyake, kinategemea vya chembe. Basi kinawaondoa walinzi, chembe iendelee kunakili, na DNA ya kirusi inakiliwe humo humo. Miaka ikipita bila walinzi, inakuwa saratani.

Nimeelewa nusu. Inatosha. Usisubiri ikauke.

Kaka yako,
Gidion

Masieda, 2 Aprili

Shikamoo kaka. Pole na mgongo. Huku mvua ipo, maharage yamechanua.

Nimemsomea mama mkwe barua. Akasema, "Gidion huyu aliyeacha shule darasa la sita, leo anajua habari za kizazi?" Tukacheka. Mimi sina walinzi, kaka, nina mama mkwe. Nikipita kwa jirani Akonaay na ng'ombe wake akafa, itasemwa ni damu yangu. Nani atanitetea? Nitasubiri.

Mdogo wako,
Letisia

Kilombero, 19 Mei

Letisia, hujambo? Kusubiri kwako kunanitisha. Mwambie mama mwiko nauheshimu, unalinda majirani. Basi atangulie yeye, awaombe wapishe njia. Wewe mfuate nyuma.

Kaka yako

Masieda, 28 Julai

Shikamoo kaka. U mzima?

Tulipita. Mama mkwe alitangulia na fimbo yake, akipaza sauti, "Pisheni, mgonjwa wangu anapita!" Akonaay mwenyewe alitufungulia wigo.

Zahanati walinipeleka hospitali, nikapimwa. Ni saratani, kaka. Imeshatoka nje ya mlango wa kizazi. Nitapelekwa kupigwa mionzi. Daktari hakuniahidi kitu.

Juzi wauguzi walikuja shuleni kuchanja wasichana, kirusi kile kisiwaingie. Binti yangu Benedikta alitaka kukimbia. Bibi yake alisimama mlangoni mwa darasa, fimbo mkononi, mpaka akachomwa sindano.

Mdogo wako,
Letisia