Ya Chini Imekwenda, Sasa Anataka na ya Juu

Mama Ercilia mpendwa, kila asubuhi nakusikiliza redioni nikimenya viazi, leo ni zamu yangu kulia. Nyumba yetu ya ghorofa hapa Quillacollo, Bolivia, ni jasho la miaka mingi la mume wangu Fortunato kwenye ujenzi huko Ajentina, na mwaka juzi akaniambia, "Mama watoto, nyumba imelala tu, tuiamshe izae," tukampa Mwalimu Delfina, mjane, sakafu ya chini kwa antikretiko, yaani alitukabidhi dola elfu kumi akae bila kodi, na mkataba ukiisha tumrudishie zote, la sivyo hatoki, na Fortunato akazitia zote kwenye kuku, chakula kikapanda bei, kuku wakafa, na dola siku hizi hazionekani. Mkataba unaisha Juni. Sasa Fortunato amepata mtu wa kutoa dola kwa sakafu ya juu tunayokaa, eti tumpunguzie mwalimu deni, zinazobaki anunue vifaranga, na sisi tuhamie kwenye banda la kuku, akaniambia, "Ni sahihi tu, karatasi haing'ati."

Jumanne ya Kanivali nilishuka na chicha yangu, pombe ya mahindi, niinyunyizie nyumba kama desturi, nimshukuru Mama Ardhi, nikakuta mwalimu keshanyunyizia milango yote, hadi wetu wa juu, kaupamba kwa riboni. Akasema kwa upole, "Nimewaombea na nyinyi, jirani." Jirani, mama, nyumbani kwangu. Nitie sahihi?

Eusebia

Eusebia, pole mwanangu. Nikishakupa pole, nikugombeze: mlikopa dola, mkafuga kuku wa kuuza kwa boliviano, pesa yetu ya hapa, nani aliwaroga? Na usijifiche nyuma ya Fortunato. Ile ya chini ulitia sahihi kwa mkono wako mwenyewe.

Ya juu usiitie. Kukopa harusi, kulipa matanga, na nyinyi mko matangani tayari. Akinuna, anune. Banda analo, akalale huko.

Kesho shuka kwa mwalimu, umwambie dola zake zilitiwa kwenye kuku na kuku wamekufa, asije akasikia sokoni. Atalia, maana akiba yake ni hiyo tu, mwache alie. Mwombe mwaka mmoja zaidi, uandikwe mbele ya mwanasheria. Banda liuzwe. Mwalimu akikataa, uzeni nyumba nzima wenyewe, mapema, kabla mahakama haijaiuza kwa bei ya kutupa.

Sikudanganyi, nyumba huenda ikaondoka. Lakini huyo mwanamke hakukuibia mlango. Aliuombea, na hajui kwamba zake zimekwenda na kuku.

Shuka na ile chicha yako. Mtaihitaji wote wawili.