Mousse ya Mayai ya Mama

Bunia, siku ya kwanza ya juma

Yaya Liévin,

Siye wote tuko muzuri. Ulicheka ukasema mousse, ile sponji ya matela, ni ya kulalia tu. Sikia basi! Yenye tunatengeneza hapa inavimba mu sanduku ya chuma kama mukate, inatoka na matundu makumi tatu ya mayai. Ya kwanza iliharibika, juu nilifungua sanduku mbio sana, mbele ikauke.

Motard, mwenye kubeba watu na pikipiki, alipeleka moja kwa Mama, kule kijijini Bule. Mwezi muzima hatukusikia sauti ya Mama, juu ya vita, weye unajua. Leo motard amerudi na mayai ya Mama. Alianguka mara mbili mu matope, na hakuna yai hata moja yenye ilipasuka! Juu ya kifuniko Mama aliandika na bic: «Musoki, niko. Tuma zingine kumi. Kuku hazingoji vita iishe.»

Cheka sasa.

Mudogo wako,
Musoki