Hinnerk Ndani ya Friji

Aurich, 2 Machi

Mdogo wangu Onno,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai wewe na Maren hamjambo, na baridi ya huko Norwe haijawatoa roho. Mimi mzima wa mwili. Mama anakula vizuri na chai yake ya mchana haikosi bonge la sukari, ila majina yanazidi kumpotea. Juzi aliniita Gesine, kwa jina la marehemu shangazi, akaniuliza nitaolewa lini.

Uliponiuliza kwenye simu habari za kobe wake, nilikujibu kwa mkato kwamba Hinnerk amelala. Sasa nakueleza vizuri.

Wakati wa vuli alianza kutokwa na makamasi na kufumba macho. Daktari wa wanyama alisema ni mapafu, na kwamba mwaka huu asilazwe kwenye friji hata kidogo kwa ule usingizi wake wa miezi yote ya baridi. Akae chini ya taa ya joto mpaka apone, maana kobe mgonjwa akitiwa kwenye baridi haamki. Basi nikawa namwogesha kwa maji vuguvugu na kumchoma sindano, huku Mama akinigombeza: "Mwache mtoto alale! Huna huruma wewe!" Siku Hinnerk alipotafuna jani la mchunga mwenyewe, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kisha mafua yakanilaza kitandani siku kadhaa. Nilipoinuka, nilikuta taa imezimwa. Hinnerk alikuwa ndani ya friji, kwenye sanduku lake la majani makavu, kama Mama alivyomlaza kila majira ya baridi tangu hatujazaliwa. Alikuwa amekufa. Nilimzika chini ya mtofaa Mama aliposinzia, nikatia jiwe sandukuni.

Kila asubuhi Mama hufungua friji ili hewa iingie, huliinua sanduku kidogo, akaridhika na uzito wake. Anasema tutamwamsha Pasaka, sote pamoja, ndipo atakubali kuhamia nyumba ya wazee. Kabla ya hapo hatoki, hata kwa polisi.

Nilimuuliza kwa upole nani alimwambia amlaze. Uso ukamng'aa. "Onno wangu! Yeye ndiye anayenisikiliza. Kasema kwenye simu niachane na huyo daktari, Hinnerk hulala kila mwaka."

Najua ulitaka kumfurahisha mama yako. Lakini ulikuwa mbali, Onno, hukumsikia Hinnerk akikoroma kwa kukosa pumzi. Nina hasira nawe, na siwezi kumwambia Mama kitu, kwa sababu nitakuwa nimemwambia kwamba ni mikono yake iliyomuua.

Njoo kabla ya Pasaka. Sanduku utalifungua wewe.

Msalimie Maren, mjifunike vizuri. Mama naye anakusalimu. Jina lako halijampotea. Hulitaja kila asubuhi akifunga friji.

Dada yako,
Tomke