Miguu ya Mwadime Kisimani

Wajir

Kaka yangu Mwakio, uliyenibeba mgongoni,

Hamjambo huko milimani Taita? Goti la mama limepoa, au baridi bado inalitafuna? Nijibu hilo kwanza, maana nalala nikiliwaza. Sisi huku tu wazima, ila vumbi, kaka, vumbi! Baba Mwadime bado yuko kwenye kazi ya barabara.

Leo nakuandikia kukushukuru. Nilikulilia habari za mpwa wako Mwadime, kwamba anateka maji kwenye kisima cha wafugaji. Kisima chenyewe ni mwamba uliochongwa kwenda chini. Wanaume hushuka, kila mmoja akasimama kwenye kijishimo cha kukanyagia, mmoja juu ya mwingine, ndoo ya ngozi ikapita mkono kwa mkono mpaka juu kwa ngamia. Na wanaimba. Ukitetemeka, wanakutia kwenye wimbo!

Mwadime walimtia. Kila asubuhi alikuwa akining'inia kwenye tawi akaze mikono, akidhani kupanda ni mikono. Jua likipanda, miguu inamcheza kama ya ndama wa ngamia. Dahir, kijana wa Kisomali anayesimama juu yake, akaimba, "Mgeni mikono ya simba, miguu ya korongo!" Nikacheka na wenzangu, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Pale mtu akiteleza ndiyo basi tena.

Ndipo ikaja barua yako. Wewe unayepanda majabali kurina asali tangu ujana, ukasema mwamba hupandwa kwa miguu, mikono ni ya kushikilia. Achuchumae na kuinuka polepole na mzigo, kisha kwa mguu mmoja mmoja, asimamie vidole, na siku ya pili apumzike. Dahir akabisha: "Miguu ifundishwe nini? Wallahi, sisi tunatembea toka Habaswein, kule mbali!" Mwadime akamwambia, "Kutembea ni kutembea, ndugu yangu. Hebu chuchumaa na mbuzi shingoni tukuone."

Maana mzigo wake ulikuwa mbuzi, kaka! Anachuchumaa, mbuzi analia, majirani wanashika mbavu. Mwanzoni hakupumzika kama ulivyosema, nikalazimika kumwinua mkekani kama bibi kizee. Nikamgombeza weee. Baadaye akafuata.

Juma lililopita ukingo wa kijishimo alichokanyaga Dahir ulimegeka. Akamwangukia Mwadime mabegani, mzima mzima. Nilikuwa pale juu na mtungi wangu. Wimbo ukakatika, nikafumba macho. Nikamsikia Mwadime, taratibu tu: "Tulia. Tafuta pa kuweka mguu." Nikafumbua. Amesimama, kaka! Magoti kayakunja kidogo, hayatikisiki. Dahir akapata pa kukanyaga, wakapanda wote wawili.

Nisalimie mama, na wifi yangu, mkeo, na yule shangazi aliyenifungia chakula cha safari. Nawe huko majabalini nenda polepole, magoti yako si ya ujana tena.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mama yake Dahir amekuja na kibuyu cha maziwa. Hajui Kiswahili, na Kisomali changu ni cha salamu tu. Ameniita abaayo, yaani dada, akanishika mikono, machozi yakamtoka. Basi namsemea na yeye: asante kwa mwanangu, asante kwa mwanawe.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mwadime