Friji Inayomchua Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Darasa la umeme, siku ya tatu. Mwalimu tumembatiza Fyuzi, maana subira yake inakatika upesi. Leo nimeshika mita kwa mkono wangu mwenyewe! Nimepima betri, nimepima balbu, nimerudi nyumbani nikapima hata pete ya ndoa. Inapitisha umeme. Mume wangu akauliza mapenzi yanapimwa wapi.

Alhamisi, 7 Machi
Leo ethi, ule waya wa kijani na njano. Siku zote hauna kazi, alisema Fyuzi. Unangoja siku umeme utakapotoroka kwenye chombo, uupeleke ardhini kabla haujapita kwa mtu. Dalili: ukigusa chombo miguu mitupu, kinakuchonyota.
Mama mkwe! Kila asubuhi anavua ndara na kubandika viganja kwenye mlango wa friji. Anasema inamchua vidole, maumivu yanatulia. Na sisi tunacheka. Mwaka mzima tunacheka.

Ijumaa, 8 Machi
Nimezima meni swichi, ile ya nyumba nzima, nikafungua soketi ya friji. Ethi imekatwa fupi na kukunjwa nyuma. Haikufungwa popote. Ya sebuleni — vilevile.
Umeme wa nyumba hii aliufunga shemeji, mdogo wa mume wangu. Zawadi ya harusi. Mume wangu anasema ninyamaze: mwanafunzi wa juzi hamkosoi fundi, nitavunja undugu kwa bisibisi. Naogopa kweli. Labda sijui kitu. Lakini friji nimeichomoa. Maziwa yamechacha, mama mkwe amenuna, eti namnyima dawa.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji amekuja. Mama yake ndiye aliyemwita, kunishtaki. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, nani amenituma kufumua kazi yake.
"Shemeji, friji inampiga mama shoti. Ule waya mbona uliukata?"
"Ule wa akiba tu. Aliyenifunza kazi alisema unajaza boksi, tukate."
Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Nikawasha meni, nikapima kwenye soketi, kati ya tundu la moto na la ethi, ambapo mita ingepaswa kusoma volti mia mbili na zaidi. Sifuri. Akaninyang'anya mita, akapima mwenyewe. Sifuri.
Nilidhani atafoka. Akakaa chini, palepale sakafuni. Mama mkwe akataka kujua friji itawashwa lini. Shemeji akatoa simu, akampigia mkewe: watoto wasiguse friji mpaka arudi. Kisha akampigia mteja mmoja. Kisha mwingine. Kila akimaliza, sauti inashuka.
Nimejifungia chumbani kuandika. Namwonea huruma, na sikutegemea. Bado namsikia —
Amebisha hodi. Chai hataki. Anauliza kama kesho naweza kukosa darasa, nifuatane naye na mita yangu. Nyumba ni nyingi, shemeji, anasema, na nyingine hakumbuki ziko wapi.