Yowe Nililolisikia

Ihumwa, Jumapili, Juni 1994

Huyu mwenyekiti wetu wa kijiji ana ndimi ngapi? Juzi alimtoza jirani yangu Yohana mbuzi kwa kutotoka yowe lilipopigwa, wezi wakaondoka na ng'ombe wa watu. Yohana alijitetea kwamba hakusikia. "Ukisikia yowe huulizi ni la nani," mwenyekiti alifoka. "Unatoka!"

Leo redio imesema Rwanda watu wanachinjwa, wanaomba majeshi ya nje yaingie. Mwenyekiti huyohuyo akasema, "Waacheni. Hayo ni mambo yao ya ndani."

Nilitaka kumkumbusha yule mbuzi. Nikanyamaza. Mwanangu Daudi ni askari. Wakipelekwa, naye yumo. Kusikia "waacheni", moyo wangu ulitulia, Mungu anisamehe.

Yohana hakusikia yowe. Mimi nimelisikia.